UMESEMA SAMAHANI. JE, UMEGEUKA?

Kijana mwenzangu,

Karatasi hii umepewa leo. Pengine ulikuwa unashuka kwenye pantoni ukiwahi nyumbani. Pengine umesimama nyuma kabisa ya uwanja wa mkutano, mikono mfukoni, umekuja kusikiliza muziki tu na kuangalia watu. Sawa, karibu. Ila usiitupe, wala usiifungie karanga. Haina kiingilio wala mchango. Ina swali moja tu, na swali hilo linaanzia mahali unapopajua vizuri: kwenye mpira.

Swali lenyewe ni hili: MTU AKIKOSA, AKAADHIBIWA, AKAOMBA SAMAHANI, JE, YAMEKWISHA?

Kijiweni jibu lake ni rahisi. "Si kashaomba msamaha? Mnataka nini tena?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Hebu tuliangalie taratibu.

MAMBO YA CHAMAZI

Ukitoka Kigamboni kwa njia ya Kongowe unatokea Mbagala, na mbele huko ndiko Chamazi, ulipo uwanja wa Azam. Mwishoni mwa Septemba 2015 Mbeya City walikuja kucheza pale na Azam katika Ligi Kuu. Katika mchezo ule beki wa Mbeya City, Juma Nyosso, alimfanyia nahodha wa Azam, John Bocco, kitendo cha aibu. Alimgusa sehemu ya nyuma ya mwili kwa namna ya kumdhalilisha mbele ya watu. Haikuwa rafu ya kugombea mpira. Ilikuwa ni kumvua mwanamume mwenzake heshima yake hadharani. Adhabu ikatoka: kufungiwa miaka miwili na faini ya shilingi milioni mbili.

Miaka miwili! Wewe unayecheza mpira unajua maana yake. Miguu haimsubiri mtu. Miaka miwili ya mchezaji ni kama miaka kumi ya karani wa ofisini.

Lakini lililowauma watu si hilo peke yake. Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 2015, Nyosso alikuwa amekwisha kufungiwa mechi nane kwa kumfanyia mshambuliaji wa Simba, Elias Maguri, jambo la namna hiyo hiyo. Adhabu ya kwanza akaimaliza. Akarudi uwanjani. Na mkono ukarudi pale pale.

Adhabu ya pili nayo ikaisha. Mwaka 2017 akarudi kucheza, safari hii akiwa na Kagera Sugar. Januari 2018, baada ya mechi ya Kagera Sugar na Simba kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba, polisi wakamshikilia kwa tuhuma za kumpiga shabiki.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili tumcheke mtu. Yeye aliendelea kucheza miaka mingi baada ya hapo, na moyo wake anaujua Mungu, si mimi wala wewe. Nayaandika kwa sababu yeye alikuwa na bahati mbaya moja ambayo wewe hukuwa nayo: makosa yake yalipigwa picha. Je, ya kwako yangepigwa picha yakawekwa gazetini, ungepita njia gani kwenda dukani?

Mimi naona hapa jambo moja la wazi. ADHABU INAWEZA KUMZUIA MTU ASIINGIE UWANJANI. HAIWEZI KUINGIA NDANI YA MTU. Kamati inafunga miguu. Moyo hakuna kamati inayoufunga.

ADHABU BILA MAJUTO

Kwenye miaka ya tisini tulikuwa tukimshangilia Eric Cantona wa Manchester United. Tarehe 25 Januari 1995, huko London, alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi na Crystal Palace. Akiwa anatoka, shabiki mmoja akamtukana. Cantona akaruka juu ya kizuizi na kumpiga yule bwana teke la kung-fu. Dunia nzima iliona.

Akafungiwa miezi minane, hadi mwisho wa Septemba. Mahakama ikampa kifungo cha wiki mbili, na alipokata rufaa kikabadilishwa kuwa saa 120 za kutumikia jamii. Akazitumikia kwa kufundisha watoto mpira. Tarehe 1 Oktoba 1995 akarudi, wakacheza na Liverpool, akafunga penalti. Deni lote la kibinadamu alilipa, hakubakiza hata senti.

Lakini miaka mingi baadaye, alipoulizwa juu ya teke lile, aliwahi kulizungumza kama jambo la kujivunia. Unaona? Mtu anaweza kumaliza adhabu yote, mpaka saa ya mwisho, huku moyoni hajutii kitu. Kwa hiyo usiniambie, "Mimi nilishakaa rumande, nilishalipa." Umelipa serikali. Mimi nauliza: UMEBADILIKA?

SAMAHANI BILA KUGEUKA

Sasa utaniambia, "Basi tatizo ni huyo aliyekataa kujuta. Mimi nikikosa huwa naomba radhi, na natoka moyoni kabisa." Haya, tumtazame mwingine.

Luis Suárez wa Uruguay. Mshambuliaji hatari, hakuna ubishi. Mwaka 2010 akiwa nahodha wa Ajax huko Uholanzi, alimng'ata begani Otman Bakkal wa PSV. Akafungiwa mechi saba. Akaomba radhi. Aprili 2013 akiwa Liverpool alimng'ata mkono Branislav Ivanović wa Chelsea. Refa hakuona. Suárez akabaki uwanjani, na dakika za mwisho kabisa akafunga bao la kusawazisha. Lakini kamera ziliona. Akafungiwa mechi kumi. Akaomba radhi tena. Juni 2014, Kombe la Dunia huko Brazil, alimng'ata bega Giorgio Chiellini wa Italia. Hapo pia refa hakuona, na hapo pia kamera iliona. Akafungiwa mechi tisa za timu ya taifa, na miezi minne nje ya mpira wote.

Kwanza alijitetea kwamba aliteleza tu, uso ukamgonga mwenzake. Baada ya siku chache akakiri na kumwomba radhi Chiellini hadharani, na akaahidi dunia nzima kwamba halitatokea tena. Chiellini mwenyewe akamsamehe, na hata alisema adhabu ile ilikuwa kali mno.

Je, aliacha kuuma? Ndiyo, miaka ikapita na hakuuma tena. Tumpe haki yake. Lakini tarehe 31 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 38, timu yake ya Inter Miami ilifungwa mabao 3-0 na Seattle katika fainali ya kombe huko Marekani. Filimbi ya mwisho ilipolia ukazuka ugomvi, na Suárez akamtemea mate mtumishi wa timu ya Seattle. Akafungiwa tena. Akaomba radhi tena.

Rafiki yangu, meno yaliacha kuuma, lakini kinywa ni kile kile. Hasira ilibadilisha mlango wa kutokea tu.

Na sikia vizuri hapa, maana watu wengi hupakosea. Mimi sisemi Suárez alikuwa mwongo alipoomba radhi. Naamini kabisa kila mara alimaanisha. Mtu akitazama mkanda wa video na kuona alichofanya mbele ya mke wake na watoto wake, anamaanisha! Na hapo ndipo lilipo tatizo. Kama samahani ya mtu mwongo ingekuwa peke yake ndiyo inayoshindwa, tungesema, "Acheni uongo," kazi ikaisha. Kumbe hata samahani ya kweli, yenye machozi, inashindwa. KUMAANISHA SI NGUVU.

Si unajua mwenyewe? Umemwambia mama mara ngapi kwamba bangi basi? Umemwambia yule dada mara ngapi kwamba hutampiga tena? Ulimaanisha. Ulilia kabisa. Na Jumamosi ikafika.

FARAO NA MVUA YA MAWE

Biblia ina mtu wa namna hii. Anaitwa Farao, mfalme wa Misri. Usimfikirie kama mzee wa kwenye picha tu. Msome katika kitabu cha Kutoka, sura ya 9 na ya 10.

Mvua ya mawe ilipompiga, akamwita Musa haraka na kukiri kwamba ametenda dhambi, Bwana ni mwenye haki, na yeye na watu wake ndio waovu. Maneno mazuri kuliko hayo yako wapi? Hata mzee wa kanisa hawezi kuyapita! Musa akaomba, mvua ikakoma. Jua lilipotoka, Farao akarudi kuwa Farao. Wakaja nzige. Akamwita tena Musa haraka, akakiri tena, akaomba asamehewe safari hii moja tu. Nzige wakaondoka. Farao akarudi kuwa Farao.

Unaona alikuwa anatubu nini? Alikuwa anatubu MVUA YA MAWE. Dhambi yenyewe alikuwa bado anaihitaji, maana watumwa walikuwa wanamfyatulia matofali.

Vijana wengi wa Dar es Salaam tunatubu mvua ya mawe. Msichana akipata mimba, kijana anatubu mimba. Uzinzi hajautubu. Mwizi akikamatwa Tungi na kupigwa, anatubu kipigo. Wizi wenyewe anausubiri usiku. Mchezaji akifungiwa, anatubu kufungiwa. Jiulize usiku wa leo ukiwa umelala: lile jambo lako, kama usingekamatwa, ungelijutia?

Yuko mwingine, mfalme Sauli, katika 1 Samweli 15. Naye alikiri kosa mbele ya nabii Samweli. Lakini sikiliza ombi lake lililofuata: alimwomba Samweli arudi pamoja naye ili aheshimiwe mbele ya wazee wa watu. Yaani, "Nimekosa, lakini usiniaibishe mbele ya washikaji." Hiyo ndiyo samahani ya kuokoa jina. Klabu zinaijua sana hiyo: mchezaji anaandikiwa karatasi, anaisoma mbele ya waandishi wa habari, picha zinapigwa, na kesho yake anaingia mazoezini.

TOBA NI NINI BASI?

Toba ni kugeuka. Umepanda daladala ya Mbagala huku unakwenda Kibada. Katikati ya njia unagundua umekosea gari. Unaweza kumwambia konda samahani mara mia. Unaweza kulia kwenye kiti chako mpaka abiria wakuonee huruma. Gari linazidi kwenda Mbagala! Mpaka useme "shusha," uteremke, uvuke barabara, usimame upande wa pili. Hiyo ndiyo toba. Inakugharimu nauli uliyokwisha kulipa. Inakugharimu muda. Na watu walio ndani ya gari wanakuona mjinga unaposhuka.

Tazama Zakayo, Luka 19. Mkuu wa watoza ushuru, tajiri aliyepata kwa kuwakamua watu. Yesu aliingia nyumbani kwake. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Zakayo alilia. Alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na yeyote aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mara nne! Wakati huo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile.

Lakini shika mpangilio vizuri. Yesu hakumsubiri Zakayo alipe kwanza ndipo aingie kwake. Aliingia kwanza, kwa neema, bure. Na Zakayo alipopokelewa, mkono wake ukafunguka. Pesa zile hazikununua wokovu. Zilionyesha kwamba wokovu umefika kweli. Ukiona mtu ameokoka lakini mkono haufunguki, na wenye haki zao bado wanalia, hapo kuna maswali.

NENO KWA SISI WALOKOLE

Najua utakachosema, kijana. "Mbona hata nyie walokole mko hivyo hivyo? Yupo jirani yetu, Jumapili anaanguka madhabahuni, Jumatatu anakataa kulipa deni la duka."

Ndugu yangu, ni kweli. Sitakuficha. Wapo watu wanaolitumia jina la Yesu kama kichaka cha kujifichia waliowakosea. Ukiwauliza wanakujibu, "Bwana ameshanisamehe." Yesu mwenyewe alikataa jambo hilo. Alifundisha (Mathayo 5:23-24) kwamba ukiwa unapeleka sadaka madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, uende ukapatane naye kwanza. Kwa maneno ya kwetu: toka kwenye ibada, panda pantoni, vuka, katafute mtu wako, ndipo urudi uimbe.

Na mimi ninayeandika nilikuwa mmoja wa hao. Acha nikueleze.

Miaka ya tisini nilikuwa beki wa timu ya mtaa huku Kigamboni. Uwanja wa mchanga, magoli ya miti. Siku moja kijana mmoja wa timu pinzani alinipita mara mbili, watu wakanicheka. Alipokuja mara ya tatu niliuacha mpira, nikauendea mguu. Nilijua ninachofanya. Nilisikia mfupa.

Yule kijana alikuwa anabeba makapu ya samaki feri, na kwa kazi hiyo alikuwa anamlisha mama yake. Alikaa na plasta ngumu miezi, hana kazi. Mimi nilifungiwa msimu mzima. Kocha akaniambia nikaombe radhi. Siku ya mechi nyingine nikasimama mbele ya timu zote mbili, nikampa mkono akiwa na magongo yake, nikasema samahani. Watu wakapiga makofi. Nikajisikia mtu mwema. Nyumbani kwake sikwenda hata siku moja.

Baadaye nikaokoka kwenye mkutano kama huu ulio mbele yako. Nikalia sana. Watu wakapiga makofi tena. Nikawa mwimbaji wa kwaya. Ilipita miaka miwili, nikawa nasoma habari za Zakayo ili nikafundishe vijana, na nikashindwa kuendelea. Pale kwenye neno la kurudisha, nilikuwa nasikia ule mfupa.

Nilimtafuta. Walikuwa wamehamia Mbagala. Nilikwenda na fedha nilizokuwa nazo, nikamweleza yote, hata lile ambalo hakuna aliyelijua: kwamba ilikuwa makusudi. Hakunikumbatia. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Siku ile uliwaomba samahani watu. Leo ndiyo umekuja kwangu." Akazipokea zile fedha, akazihesabu. Mpaka leo hatuko marafiki wa kutembeleana, lakini tukikutana tunasalimiana, na ninamtazama machoni.

Kijana, nilikuwa nimesamehewa na Mungu tangu siku nilipookoka, sina shaka. Lakini sikuwa HURU mpaka nilipovuka kwenda kwa mtu wangu.

VIPI KAMA HATANISAMEHE?

Inawezekana. Aliyeumizwa ana haki yake, na huwezi kumdai msamaha kama unavyodai chenji. Wengine huja na samahani mkononi, na mwenzao akisita wanafoka: "Nimekuomba radhi, unaringa nini?" Hiyo si toba. Hiyo ni rafu ya pili. Wewe fanya upande wako. Rudisha kilicho chake. Sema ukweli bila kuongeza "lakini na yeye alinichokoza." Halafu mwachie Mungu na muda.

Na kama adhabu bado ipo, IPOKEE. Samahani haifuti kufungiwa. Daudi alipokiri dhambi yake ya Bathsheba na kumwua Uria, nabii Nathani alimwambia kwamba Mungu ameiondoa dhambi yake. Hata hivyo matokeo machungu yaliifuata nyumba yake miaka mingi (2 Samweli 12). Daudi hakugeuka kumlaumu Mungu. Mtu aliyetubu kweli hatumii msamaha kama rufaa. Wewe uliyefukuzwa kazi kwa wizi, ukiokoka leo, usiende kesho kudai kazi yako kwa jina la Yesu! Nenda ukarudishe ulichoiba, na ukubali wakikuambia hawakutaki tena.

NGUVU INATOKA WAPI?

Tumekwisha kuona kwamba adhabu haifiki moyoni. Tumeona kwamba kumaanisha si nguvu. Sasa nani atafanya kazi ndani?

Hapa ndipo nashindwa kukuhubiria "jitahidi." Umejitahidi vya kutosha. Kocha anaweza kukubadilishia namba, lakini hawezi kukubadilishia moyo. Katika Zaburi ya 51 Daudi hakuahidi kwamba atajirekebisha. Aliomba Mungu amuumbie moyo safi. Kuumba! Aliona hakuna kilichobaki cha kukarabati.

Yesu Kristo, mwana wa Mungu, alibeba pale msalabani adhabu ambayo haikuwa yake. Refa wa mbinguni aliona kila kitu, hata kile ambacho kamera haikukiona, na hukumu yetu ikamwangukia Yeye. Siku ya tatu akafufuka. Kwa hiyo yu hai leo, na anaweza kuingia ndani ya mtu, mahali ambapo kamati haifiki. Petro alimkana mara tatu kwa sababu ya maneno ya kijakazi. Halafu mtu yule yule, alipojazwa Roho Mtakatifu, akasimama katikati ya Yerusalemu bila kuogopa. Petro hakuwa amejifunza kumaanisha zaidi. Alikuwa amepokea nguvu isiyo yake.

LEO UFANYE NINI?

Kwanza, litaje kosa kwa jina lake. Usiseme "niliteleza." Suárez naye alisema aliteleza. Sema: niliiba, nilimpiga, nilimdanganya, nilimwachia mimba nikakimbia.

Pili, liseme kwa Mungu, maana Yeye ndiye wa kwanza uliyemkosea.

Tatu, mtaje mtu. Kila kosa lina mtu: mama yako, yule binti, tajiri uliyemwibia gereji, mdogo wako uliyemnyang'anya ada. Umeshamkumbuka, sivyo? Alikuja kichwani tangu uliposoma habari za Chamazi. Wiki hii nenda kwake. Usitume mtu. Kama una cha kurudisha, rudisha hata kidogo kidogo.

Nne, usiende peke yako. Mwambie mtumishi aliyekupa karatasi hii, au ingia kanisa lo lote la karibu linalohubiri wokovu, useme, "Nimegeuka, nisaidieni kutembea."

Kama unataka, sali sala hii sasa hivi, hata ukiwa umesimama:

Ee Mungu, nimekuwa nikitubu mvua ya mawe. Leo naitubu dhambi yenyewe. Nilikosa mbele zako na mbele ya mtu ninayemkumbuka sasa. Sina nguvu ya kujibadilisha, nimejaribu, unajua. Yesu, ingia ndani yangu, uniumbe upya. Nipe ujasiri wa kwenda kwake na kusema kweli. Napokea msamaha wako bure, na nitarudisha kilicho cha watu. Katika jina la Yesu, Amina.

Umesali? Bwana asifiwe! Sasa kunja karatasi hii, uiweke mfukoni, uandike nyuma yake jina la mtu wako. Ukisha kwenda kwake, lifute. Kama hujakwenda, usilifute.